Fundi Saa Aliyesahau Kupumua

Kila asubuhi fundi saa na mkewe walifungua duka lao pamoja. Mke alikaa mbele kupokea wateja. Mume alikaa nyuma, kwenye meza ya dirishani, lenzi jichoni na kibano mkononi. Vigurudumu vidogo kuliko punje ya mchele vilimtii. Mkewe aliona fahari kumtazama, na hakuficha.

Tatizo ni kwamba neno "hapana" lilimshinda. Alimwambia kila mteja, "Njoo kesho." Mtaani wakambandika jina, Bwana Kesho, naye akacheka. Lakini kesho ikifika, mlango ulijaa watu, na saa zao bado zimelala mezani. Akaacha kula mchana. Usingizi ukampaa. Kichwa kilimuuma, moyo ukamwenda mbio, na hasira zikawa karibu.

Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Kigurudumu kilianguka, akapiga magoti kukitafuta sakafuni. Mkewe alimwona, akajifanya hajaona. Aliogopa sana. Fundi saa mwenye mkono unaotetemeka atafanya kazi gani?

Mume alisema ni uchovu tu, akameza vidonge vya kichwa. Mke hakuridhika. Alimwita mdogo wake, muuguzi wa zahanati ya jirani, mwanamke mtaratibu asiyekurupuka. Muuguzi alimwacha shemeji yake atulie kitini, kisha akampima presha. Ilikuwa juu. Alimwambia aende zahanati amwone daktari, kwa sababu mkono hutetemeka kwa mambo mengi. Halafu akaketi pembeni, akamtazama akifanya kazi.

"Shemeji, unajua kwamba hupumui?" aliuliza.

Fundi akacheka. "Sasa huyu anayekujibu ni nani?"

"Ukishika kibano tu, unabana pumzi."

"Ndiyo kazi yetu hiyo. Ukipumua, mkono unacheza."

"Kubana kidogo si kitu. Lakini siku hizi unabana hata ukiongea na wateja. Na mabega yako yamepanda mpaka masikioni."

Fundi akashusha mabega. Mkewe akashangaa jinsi yalivyoshuka sana.

Muuguzi alieleza polepole. Mwili ukihisi hatari, hujiandaa kukimbia au kupigana. Moyo hudunda haraka, misuli hukaza, presha hupanda. Hatari ikipita, mwili hutulia.

"Ila hatari yako haipiti," alisema. "Kila anayebisha hodi ni simba kwako. Mwili wako unakimbia kutwa nzima, na wewe umekaa kitini. Huo ndio msongo wa mawazo. Ukidumu, unaharibu usingizi, unaumiza kichwa na kuuchosha moyo."

Akamwonyesha la kufanya. Aweke kibano chini, avute pumzi taratibu kwa pua mpaka tumbo liinuke, kisha aitoe polepole zaidi. Ale mchana. Jioni atembee kidogo. Tena aache kuahidi kesho.

"Wateja watanikimbia," alisema fundi.

"Wateja niachie mimi," alijibu mkewe. "Mimi ndiye ninayekaa mlangoni. Kuanzia leo, siku ya kuchukua saa nitaipanga mimi."

Daktari alimpima, hakuona ugonjwa mwingine, akamtaka arudi kuangaliwa presha. Mwanzoni haikuwa rahisi. Mteja mmoja alimkuta fundi amefumba macho akivuta pumzi, akanong'ona kwamba mzee amelala kazini. Mwingine aliambiwa arudi wiki ijayo, akanuna na kuichukua saa yake. Wengi walikubali kusubiri, kwa kuwa sasa siku waliyopewa ilikuwa ya kweli. Mke aliwasimamia wote bila kupandisha sauti, na muuguzi, aliyepita kuwatazama, alimsifu dada yake waziwazi.

Fundi naye alistahili sifa. Si kila mtu mzima hukubali kufundishwa kupumua na shemeji yake, ila yeye alikubali, akajifunza. Usingizi ulirudi kwanza. Kichwa kikaacha kuuma. Zahanati wakampima tena, presha imeshuka.

Siku moja mkewe alisimama nyuma ya kiti chake. Fundi alitoa pumzi polepole, akainua kigurudumu, akakiweka. Kilikaa mahali pake mara moja. Akaunyoosha mkono wa kulia juu ya meza ili mkewe auone.

Mke aliushika. Mkono wa mumewe ulikuwa umetulia kabisa. Uliokuwa ukitetemeka, kwa furaha, ulikuwa wa mke.