Vipimo vya Chai Changa

Kila Ijumaa baada ya shule, Shamirah alipitia kwenye kitalu cha chai huko Midia, wilayani Koboko, akiwa na rula na daftari. Kitalu kilikuwa cha kikundi cha akina mama, na mwenyekiti wao alikuwa Kaltumu, mama yake.

Natale, bwana shamba kutoka Arua, ndiye aliyewaletea vipandikizi ili waone kama chai itaota vizuri Koboko. Kulikuwa na matuta mawili. Moja lilimwagiliwa maji matupu. La pili, kila baada ya wiki mbili, lilinyunyiziwa pia maji ya mlonge. Akina mama walitwanga majani mabichi ya mti wa mlonge, wakayakamua na kuyachuja kwa kitambaa, kisha kikombe kimoja wakakichanganya na vikombe thelathini vya maji. Natale aliwaambia kwamba mlonge huuamsha mche mchanga utoe mizizi na majani upesi. Kazi ya Shamirah ilikuwa kupima miche ishirini katika kila tuta.

Ijumaa moja jua lilikuwa kali. Asubuhi Shamirah alikuwa amebeba jerikeni mbili za maji, na shingo ilimuuma. Aliketi kando ya matuta, akatazama vipimo vya wiki iliyopita. Wakati huo matuta yote mawili yalikuwa karibu sawa.

"Nusu sentimita hivi," alijiambia. Akaongeza nusu sentimita kwa kila mche bila kuugusa, akaenda nyumbani kulala.

Wiki iliyofuata alifanya vilevile. Ikawa hivyo kwa wiki sita.

Siku ya kikao, Paska, katibu wa kikundi, alisoma daftari, kisha akalifunga.

"Mama Shamirah, tuta hii na ile iko sawa tu," alisema. "Sisi tunatwanga mpaka mikono inavimba, bure. Tuache hii mlonge."

Kaltumu alitazama malengelenge kwenye viganja vyake. "Mimi nilifikiri inasaidia," alisema polepole. "Lakini mutu hawezi kubishana na vipimo. Tuache basi. Tumechoka."

Shamirah, aliyekuwa akiwagawia maji ya kunywa, aliweka kikombe chini. Alichomoka hadi kwenye kitalu, akainua nyasi zilizoikinga miche na jua, akapima. Katika tuta la maji matupu, miche mingi ilikuwa na sentimita tisa. Katika tuta la mlonge, kumi na moja, hata kumi na mbili, na majani yalikuwa mengi zaidi.

Alisimama pale. Akinyamaza, kutwanga kutakwisha, na safari za Ijumaa pia. Hakuna atakayejua. Lakini mama yake alikuwa ameona kweli, na daftari ndilo lililomfanya ajione mjinga.

Akarudi mbio. "Mama, msiache! Sikupima. Wiki sita niliandika kutoka kichwani."

Paska akasimama. "Mtoto, sisi tulikuwa tunatupa kazi ya miezi kwa sababu ya kalamu yako!"

Shamirah alilia, lakini hakujitetea. Akina mama walikwenda kitaluni, wakapima mche mmoja mmoja huku yeye akiandika. Walipomaliza, Paska mwenyewe alichora mstari juu ya vipimo vya uongo. Wakakubaliana kuendelea na mlonge na kumweleza Natale kila kitu.

Wakiwa njiani kurudi nyumbani, Kaltumu alisema, "Najua ulichoka. Mimi pia nimechoka, na kuchoka si kosa. Siku ukishindwa, andika, 'Leo sikupima.' Tukiona nafasi tupu tutajua la kufanya. Tukiona uongo, tutaufuata sote."

"Ndiyo, mama," alijibu Shamirah.

"Na Ijumaa tutapima wawili," Kaltumu alisema. "Wewe utashika rula, mimi nitaandika."