Moshi Nyuma ya Mzee Khue

Kibanda cha chai cha Nhan kilikuwa katika soko la Thai Nguyen, nchini Vietnam, kati ya muuza nyama ya nguruwe na Bibi Thoa, muuza tambuu. Mama mkwe wake ndiye aliyekiendesha miaka mingi, mpaka kiharusi kikamlaza kitandani. Nhan akashika kazi. Akaondoa birika na viti viwili vya wateja. Akabandika bei kwenye kila mkebe wa majani ya chai, na mezani akaweka alama ya kulipia kwa simu.

Vijana walifurahi. Walichagua, wakalipa, wakaenda zao. Wazee walipungua mmoja mmoja, bila ugomvi.

Mwezi ulipoandama, alfajiri, akaja Mzee Khue, fundi saa mstaafu, na koti lake la kijivu lililonyooshwa kwa pasi. Kila mwezi mpya yeye ndiye alikuwa mteja wa kwanza. Mama mkwe aliamini mkono wake ni mwepesi: akifungua yeye, biashara hutembea mpaka mwezi uishe.

Akatafuta kiti kwa macho. Hakukiona.

"Mama yako anaendeleaje, binti?"

"Hajambo. Bei hizo hapo, babu. Chagua, ulipe kwa simu."

"Simu yangu ni ya kupiga tu. Chai hii imetoka kilima gani?"

"Imeandikwa kwenye mkebe. Soma tu."

Mzee akaugeuza mkebe. Herufi zilikuwa ndogo kama ufuta.

"Babu, uko kwenye mtihani?" muuza nyama akamtania. Nhan naye akacheka.

Mzee Khue akaufuta mkebe alama za vidole vyake kwa mkono wa koti, akaurudisha mahali pake, akaondoka mikono mitupu.

Nhan akaingiwa na hofu. Mteja wa kwanza wa mwezi kaondoka bila kununua. Akafanya kile wanachofanya wauzaji wote pale ili kufukuza mkosi: akawasha kipande cha karatasi, akakizungusha juu ya mizani. Mzee hakuwa amefika mbali. Akageuka. Akauona moshi, akajua unamfukuza nani.

Hakurudi.

"Umemfukizia Mzee Khue?" Bibi Thoa alimuuliza. "Aliyekuwa akitufungulia mwezi hapa tangu mumeo ananyonya?"

"Nilimweleza vizuri, Bibi."

"Ulimweleza kama unavyomweleza kijana. Kijana anataka bei, picha na jibu la haraka. Mama mkwe wako aliwakalisha wasichana, akawauliza wataolewa lini, wakakimbia. Naye alikosea. Lakini mzee hanunui kwa macho. Mkaribishe, mmiminie aonje, mtajie bei kwa mdomo, pokea noti zake kwa mikono miwili."

"Na asiye mzee wala kijana?"

"Muulize anamnunulia nani. Wala usihukumu kwa mvi; wapo wazee wenye simu kali kuliko yako. Uliza tu: 'Utaketi, au una haraka?' Atakuonyesha mwenyewe njia ya kumhudumia."

Nhan akarudisha viti na birika. Akaandika bei upya kwa herufi kubwa. Alama ya simu akaiacha, na kando yake akaweka kisanduku cha noti. Siku chache baadaye akafunga chai nzuri kuliko zote, akaenda kwa Mzee Khue kuomba radhi.

Mlangoni alikuta watu wamefunga vitambaa vyeupe vya msiba vichwani. Mzee alikuwa amezikwa jana yake. Mbele ya picha yake kilikuwepo kikombe cha chai. Nhan alijua kwa harufu kwamba chai hiyo haikutoka kibandani kwake.

"Tulinunua kwingine," alisema mjukuu wa marehemu, binti aitwaye Diep. "Tulimwambia aje kwako. Alisema mkono wake siku hizi ni mzito, asikuletee mkosi."

Siku hizi viti vya Nhan havikai vitupu. Wazee hunywa, husimulia, hununua. Vijana hutuma ujumbe, hujibiwa kabla hawajaweka simu chini. Biashara inatembea.

Juzi simu yake ililia. Ulikuwa ujumbe wa Diep.

"Ile chai ya babu ipo?"

Nhan akatuma picha na bei.

"Sawa. Mbili," Diep akajibu.

Lilikuwa jibu fupi, kama vijana wanavyopenda. Nhan alikuwa na maneno mengi, marefu. Yalikuwa ya mtu wa kuketi kitini akamiminiwa chai na kusikiliza, na mtu huyo hakuwepo tena.