Manjano Kwenye Gurudumu la Shaba

Mkahawa wa chai karibu na stesheni ya Secunderabad, India, ulikuwa umefurika wateja. Neeraja, amevaa kurta, shati refu la kijani, na asumini kichwani, alinyoosha mkono kupokea kikombe chake. Kijana mmoja mrefu akakiwahi.

"Kaka, hicho changu!"

"Kimeandikwa jina?"

"Kina sukari kidogo. Wewe unaonekana wa kumaliza kopo zima."

Phanindra akacheka, akamrudishia. Kumbe wote walikuwa wa maabara moja ya metali. Neeraja aliyeyusha aloi, mchanganyiko wa nikeli na metali nyingine, na kuimimina juu ya gurudumu la shaba linalozunguka kwa kasi, ipoe papo hapo iwe utepe. Phanindra alizitazama tepe hizo kwa hadubini. Aloi ikipoa haraka, chembe zake hutoka ndogo na sawasawa. Ikichelewa, humea matawi manene ndani, na kwa injini ya ndege haifai.

Mapenzi yao nayo hayakuchelewa.

"Umekula, Phani?"

"Nakusubiri unilishe."

"Mtoto mkubwa wewe!"

Ikafika sikukuu ya kuabudu vifaa vya kazi. Mashine zilizimwa, zikavishwa maua na kupakwa manjano ya baraka kwenye fremu. Phanindra, kwa mapenzi tu, akataka Neeraja abarikiwe zaidi: akalipaka gurudumu ukingoni kwa vidole vitano, pale pale aloi inapoangukia. Hakumwambia. Kesho yake Neeraja akafuta fremu, kama kila mwaka, akaendelea na kazi.

Tepe zikatoka na matawi. Mkutanoni, mkuu wa maabara akauliza kulikoni.

"Gurudumu halikusafishwa," Phanindra akajibu.

Neeraja akaondolewa kwenye mradi siku hiyo hiyo. Alijikaza mpaka kwenye basi, akalia huko. Simu za Phanindra hakuzipokea.

Jioni moja Phanindra alizitazama picha upya. Sehemu mbovu zilijirudia tano tano, zimepangana kama vidole. Ni vidole vyake mwenyewe: manjano yaliizuia shaba kuipoza aloi haraka. Alimkimbilia mkuu, akasema yote, kisha akapiga simu tena. Safari hii ikapokelewa.

"Neeru, kosa ni langu. Mkuu anakurudisha."

"Ameshaniambia. Kazini nitarudi."

"Na kwangu?"



"Ulipoona ubovu, ulinisema kwa watu kabla hujaniuliza. Hata ningekuwa nimekosea kweli, Phani, nilitaka nisikie kwako kwanza."

"Nisamehe, mpenzi."

"Nimekusamehe. Ila siwezi tena."

Jumatatu walikutana mlangoni. Macho ya Neeraja yalikuwa yamevimba.

"Habari za asubuhi, Bwana Phanindra," alisema, akapita.