Zege la Jana

"Nyati, trela limepita Songambele. Likivuka daraja la Murongo, umelikosa."

"Nimekusikia."

Margreth Akankwasa, mpelelezi wa serikali aliyeitwa Nyati redioni, aliitupa Motorola kitini akakanyaga mafuta. Land Cruiser ikala kona za Kaisho katikati ya migomba. Pembeni yake alikaa Therese, kibarua wa kubeba zege barabarani. Mumewe Athanasi, mlinzi wa ghala la madini, alikuwa mahabusu kwa wizi wa magunia arobaini ya madini ya bati. Magunia yakivuka mpaka pale Murongo na trela hilo, ushahidi unakwenda nayo, naye anafungwa.

"Dada, yule hata mkungu wa jirani hajawahi kukata," Therese alisema.

"Ndiyo maana wamemchagua yeye."

Lile pale!

Margreth alilipita trela, akaziba njia. Juu ya trela ulikaa mtambo mkubwa wa kutandaza zege la barabara. Akashuka Winston, aliyejiita injinia. Ray-Ban usoni, kizibao cha njano chenye mikunjo ya dukani. Viatu havikuwa na tone la saruji. Mtu mzima kabisa, na aibu hana.

"Shikamoo," Therese alimwamkia.

"Poa."

Hata marahaba ilimshinda, pumbavu yule.

Vibali alikuwa navyo tele. Wezi wa siku hizi wana mihuri kuliko wenye mali.

"Funua turubai," Margreth aliamuru.

Winston akafunua kwa madaha. Sanduku la kupokelea zege lilikuwa limejaa zege la kijivu hadi ukingoni.

"Umeridhika, mama? Tulilichanganya jana Karagwe. Leo tunalimwaga Murongo."

Therese aliangua kicheko.

"Jana? Bosi, zege halilali! Sisi tunaacha chakula kwenye sahani kwa sababu zege halilali. La kwako limelala gesti gani?"

Winston akapeleka mkono kiunoni.

Akachelewa.

Bastola ya Margreth, Glock 19, ilishagusa pua yake. Dereva alitimkia kwenye mibuni, mbwa wa kijiji wakampokea.

"Lala chini, injinia. Wewe unaruhusiwa kulala."

Therese akachukua nyundo garini, akapanda. Pigo la kwanza, ufa. La pili, zege likameguka, unene wa vidole viwili tu. Chini yake, magunia, kila moja na muhuri wa ghala. Winston alianza kulia kabla hajaulizwa swali. Mainjinia wa kuazima ndivyo walivyo, kelele nyingi na moyo wa kuku.

Margreth akawasha simu yake ya setilaiti, Thuraya.

"Makao, bati limepatikana. Mwachieni Athanasi."

"Ataachiwa jioni."

"Sasa hivi. Na mpeni simu."

Akamkabidhi Therese.

"Therese," sauti ya mumewe ilikwaruza, "na wewe uliamini mimi ni mwizi?"

"Wewe? Wewe ukidokoa nyama jikoni unakuja kuniambia mwenyewe."

Upande wa pili mwanamume alilia kwa sauti. Therese naye akalia.

Margreth akamkunja Winston ukosi, akaondoka naye taratibu kuelekea kwenye gari. Simu aliwaachia.