Mbuzi wa Mwikali Nilimchinja Mimi

Nina miaka hamsini na tisa, mjane, mkulima wa maparachichi huku milima ya Mbooni. Kanisani mimi ndiye niliyekuwa nikiwafunza wachumba uvumilivu. Uvumilivu! Leo neno hilo likinitoka mdomoni naona haya.

Binti yangu Mwikali aliolewa Matiliku na Kioko, mwanamume mpole mbele za watu. Kwetu Wakamba, mbuzi wa ntheo wakishaletwa na kuliwa, msichana ni wa mumewe. Ndoa ikimshinda kabisa, jamaa zake hurudisha mbuzi mmoja, mbuzi wa ulee, yaani wa kukataa. Mume akimpokea, yameisha.

Mara ya kwanza Mwikali alirudi jicho limevimba. Nilimkanda kwa maji ya moto, asubuhi nikamrudisha kwake. Mara ya pili nilimwambia hata mimi baba yake alinipiga, na si bado niko? Akarudi kwake.

Mara ya tatu alikuja na mbuzi mdogo mweusi, mwenye doa jeupe kwenye paji. Alimnunua kwa jasho la cherehani yake.

"Mama, nifugie huyu," akasema. "Siku nikisema basi, mpe baba mdogo ampeleke Matiliku."

Nilimwelewa vizuri sana, wasomaji wenzangu. Msinitafutie udhuru.

Nilimfuga mwaka mzima. Mwikali akipiga simu, hata kabla ya kunijulia hali, aliuliza kama mbuzi anakula.

Halafu siku moja akaja na nguo zake kwenye gunia, akasema basi. Nikamwambia angoje Jumamosi, shemeji yangu, huyo baba yake mdogo, atakuwa amerudi kutoka kazini. Lakini alipolala... nilimpigia Kioko mwenyewe. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa karibu kuchaguliwa mwenyekiti wa akina mama. Ningesimama vipi mbele yao na binti aliyeachika?

Jumamosi Kioko alifika mapema na wazee wake, sukari na leso juu. Akapiga magoti akaomba msamaha, nami nikalainika. Sasa wakwe watakula nini? Kuku walikuwepo, tena wengi. Lakini nilitaka waone kwamba kesi imefungwa. Nikaagiza mbuzi mweusi achinjwe.

Mwikali alikuwa mtoni. Alirudi na mtungi wa maji mgongoni, akakuta ngozi imetandazwa juani, lile doa jeupe likionekana. Akatua maji polepole. Alinitazama, hakulia. Akawapakulia wageni, akampa mumewe maini, kisha akachukua gunia lake akamfuata.

Miezi miwili tu, Kioko akamvunja mkono wa kulia.

Kutoka hospitali hakuja kwangu. Shemeji yangu alitoa mbuzi wake mwenyewe, akampeleka Matiliku bila kuniuliza, na Kioko akapokea. Mwikali akapanga chumba Nunguni. Anashona sare za shule kwa mkono usionyooka.

Nilimfuata huko na kikapu cha maparachichi. Alinipokea vizuri, akanipikia chai, akanipisha kiti chake. Nikamwomba msamaha.

"Nimekusamehe, mama," akasema, akiendelea kukunja kitambaa. "Lakini kwako sitakula tena."

Na kweli hajala. Siku ya mazishi ya shangazi yake alikuja nyumbani, akaosha vyombo vyote, akaondoka na njaa yake.

Uenyekiti niliupata, nikaurudisha. Sikuweza kuwafunza watu.

Mama mwenzangu, binti yako akisema basi, usiulize majirani watasema nini. Majirani hawavunjiki mkono! Mwamini mara ya kwanza, usingoje akuletee mbuzi. Na akimleta, mfunge mahali salama, umlinde kama roho ya mtoto wako, maana ndivyo alivyo.

Mimi leo zizini nina mbuzi watatu, wamenona. Krismasi inakaribia, na sina wa kumchinjia.