Mgeni Aliyeingia Mipaka Ikiwa Imefungwa

Shuka la chumba cha pembeni lilikuwa limelaliwa. Dobi alilitandaza juu ya karai, akaligeuza, akalitazama tena kwa jicho la mtu anayejua kazi yake. Shuka lililotandikwa tu, bila kulaliwa, hubaki na mikunjo ya pasi iliyonyooka. Hili lilikuwa na mikunjo ya mwili: ubavu, goti, na mahali kisigino kilipokivuta kitambaa. Foronya nayo ilinuka njiti ya kiberiti iliyotoka kuzimwa.

Na ghorofani hakuna mtu aliyelala tangu ugonjwa uingie na mipaka ifungwe. Watalii walikwisha, wapishi na wahudumu wakarudishwa makwao, na tajiri mwenye nyumba ya wageni akakwama nchi ya watu alikokwenda kumwoza mwanawe. Waliobaki walikuwa wawili tu, dobi na mumewe, ambaye ndiye mpokea wageni. Walihamia kijumba cha nyuma ya jiko ili walinde mali ya mwenyewe. Dobi alijua vizuri kwamba yeye hakulala ghorofani. Kwa hiyo aliyelala ni mwingine, na kwa kuwa wivu wake ulijulikana mtaa mzima, hakuwaza jini hata kidogo. Aliwaza mwanamke.

Msimcheke. Wengi wetu tungewaza hivyohivyo.

Habari yenyewe ilianza na simu za tajiri. "Vyumba viwe tayari," alikuwa akisema kutoka huko aliko. "Nimesikia mipaka inaweza kufunguliwa wakati wowote." Wakati wowote haukufika. Redio ilisema wiki ijayo, ikasema mwezi ujao, ikasema kamati inakutana, ikasema wananchi wavute subira. Mpokea wageni alianza kuogopa kwamba ulimi wake utaota kutu, akajiwekea zoezi. Kila mchana alichagua chumba kimoja, akakitandika upya, akapanga taulo na ndala za mgeni. Kisha akavaa koti lake la kazi, akafunga vifungo vyote, akasimama mlangoni, akainama kidogo na kusema kwa ile sauti yake ya asali:

"Karibu sana. Jisikie uko nyumbani. Ukihitaji chochote, niite mimi."

Kwa chumba kitupu! Mara ya kwanza mkewe alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Unamkaribisha nani, mende?"

"Mazoezi, mke wangu. Watakuja ghafla, halafu tuanze kubabaika?"

Kosa lilikuwa hapo hapo, na ni kosa ambalo mtu wa kazi nyingine asingelifanya. Fundi seremala hawezi kuufungulia mlango upepo akauambia ujisikie nyumbani. Yule bwana alifanya hivyo kila siku, tena kwa moyo mweupe, na kilichokuwa kikipita kikasikia.

Siku ile ya shuka, dobi alimfuata mumewe kaunta, mikono bado ina povu.

"Nani analala chumba cha pembeni?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo shuka limejilaza lenyewe?"

"Labda nilijinyoosha kidogo, nikapumzika."

"Kwa kisigino chembamba vile?"

Mume alifuta kaunta ambayo haikuwa na vumbi, wala hakumtazama.

Tangu hapo mambo yakawa mabaya. Gauni la kijani la dobi, alilolivaa siku alipoposwa, lilikutwa kwenye kamba likiwa na alama ya pasi kifuani, nyeusi, imeungua mpaka ndani. Pasi yenyewe ilikuwa kabatini, baridi. Kesho yake iliungua kanga yake, na kesho kutwa blauzi. Nguo za mumewe hazikuguswa. Au tuseme ziliguswa kwa namna nyingine, na hilo ndilo lililomuuma dobi kuliko gauni: asubuhi moja alilikuta shati la mumewe limepigwa pasi vizuri kuliko alivyowahi kulipiga yeye katika miaka yote ya ndoa. Kola imesimama, mikono imenyooka, na harufu ya kiberiti imejaa kwapani. Dobi alikaa chini sakafuni akalia kwa hasira. Wanawake wa kuiba waume wapo wengi, lakini huyu aliiba na kazi.

Jioni yake redio ikatangaza kwamba ufunguzi wa mipaka umeahirishwa tena. Zamani tangazo kama hilo lilimfanya mumewe aitukane redio, ukoo wake wote. Safari hii aliinuka taratibu, akageukia dirishani kusuuza kikombe. Kwenye kioo dobi aliuona uso wa mumewe. Alikuwa anatabasamu.

Mchana uliofuata dobi alivua viatu akapanda ngazi. Jua lilikuwa kali, korido imejaa mwanga, na hakukuwa na cha kuogopa hata kimoja, ila kwamba nywele za mikononi zilikuwa zimesimama kabla yeye mwenyewe hajajua kwa nini. Mlango wa chumba cha pembeni ulikuwa umerudishwa tu. Alisikia sauti ya mumewe, ya chini.

"Wamesema bado."

"Na wakifungua?" Sauti ya kike ilijibu, kavu, haina pumzi ndani yake. "Watakuja wengine. Utawaambia maneno uliyoniambia mimi."

"Ni kazi tu."

"Kwangu haikuwa kazi tu."

"Kwako, hapana."

"Na yule wa chini? Anayenuka sabuni?"

Hapo dobi aliacha kupumua. Alingoja mumewe aseme neno moja, "mke wangu," maneno mawili basi, hata kwa kunong'ona, hata kwa woga. Mumewe alinyamaza.

Aliusukuma mlango kwa mikono miwili, akiwa na matusi yake tayari mdomoni, akitegemea kumkuta binti wa duka la jirani au mjane wa mtaa wa pili au yeyote yule mwenye nywele za kukamatwa, na badala yake akamwona mumewe amekaa kwenye kiti, mikono magotini, anakitazama kitanda kitupu, na kitanda kitupu kile kilikuwa kimebonyea ukingoni kana kwamba mtu amekikalia, na hapo alipokuwa akitazama ule ubonyeo ukapanda polepole, godoro likajaa, shuka likajinyoosha, na chini yake zile ndala za mgeni, moja baada ya nyingine, zikageuka zikamwelekea dobi.

"Toka kwa mume wangu," alisema dobi. Sauti ilimtoka nyembamba.

Ndala zikapiga hatua. Chap. Chap. Harufu ya kiberiti ikamjaa kooni, na kitu chenye joto kikamgusa mkononi, kwanza taratibu, kwa udadisi, halafu kikagandamiza. Alikimbia ngazi nzima bila kujua kama analia. Chini, mkono wake ulikuwa na alama ya pasi.

Nyinyi mtasema angefunga virago. Alifikiria. Lakini usiku huo mumewe hakushuka, wala asubuhi yake, na redio ya jikoni ikasema lile lililongojwa: serikali imeamua, mipaka inafunguliwa, watalii wenye vipimo safi wataanza kuingia. Haikumaliza sentensi. Ilitoa moshi ikazima, na ghorofani milango yote ikajibamiza kwa mpigo mmoja. Dobi alimkuta mumewe amelala kitanda cha pembeni, mwili unawaka, midomo imepasuka.

"Amka twende chini," alimwambia kutoka koridoni.

"Nikishuka atabaki peke yake."

"Utakufa, wewe bwana!"

"Ameniambia haitauma."

Ndipo akampigia simu shangazi yake, mama mtu mzima ambaye kazi yake ilikuwa kutoa majini, na aliyekuwa ameacha kupokea wateja tangu ugonjwa uanze. Shangazi alikuja amevaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine. Akaketi kwenye ngazi za nje, akakataa katakata kuingia ndani.

"Shikamoo, shangazi. Pita basi."

"Marahaba. Sipiti. Jini simwogopi, tumezoeana. Naogopa hewa ya humo. Kaa hukohuko unisimulie."

Dobi alisimulia. Shangazi alisikiliza akijipaka dawa ya mikono.

"Alimkaribisha kwa mdomo wake?"

"Kila siku."

"Akamwambia ajisikie nyumbani?"

"Akamwambia akihitaji chochote amwite."

"Yallah!" Shangazi alipiga paja. "Sasa mimi nimfukuze kwa kipi? Huyo hakuvamia, mwanangu, huyo ni mgeni. Kisomo hakimtoi, moshi haumtoi. Atatolewa na aliyemkaribisha. Ambebee mzigo mpaka getini kama mgeni yeyote, amwambie safari njema, anyamaze. Ila awe anataka aende. Asipotaka, nimechoka bure."

Dobi akarudi juu. Ndala zilikuwa zimesimama kizingitini, zimeelekea nje, na yeye akakaa sakafuni mbele yake. Hakuja na kisu wala maji ya dua. Alikuwa na wivu wake tu, na kwa mara ya kwanza aliutoa bila kelele.

"Najua sijawahi kukupigia kola ikasimama vile," alisema. "Namwonea wivu hata kwa hilo. Namwonea wivu kwamba unamwambia habari za redio kabla yangu. Lakini wewe ulipokuwa unaongea na vyumba, mimi ndiye niliyekuwa nacheka, na ulipenda nikicheka. Huyu anacheka? Nijibu. Kama anacheka, nitaondoka mwenyewe leo."

Kitanda kikalia, kisha mumewe akaonekana, anapepesuka, ameshika ukuta.

"Hachekagi," alisema, na machozi yakamtoka. "Nipe koti."

Stoo kulikuwa na sanduku la magurudumu lililosahauliwa na mtalii mmoja. Dobi alilifuta vumbi kwa mkono wake na kulifungua. Ndani hamna kitu. Mumewe alilipeleka mlangoni pa chumba cha pembeni, akangoja, akalinyanyua. Bega lake likashuka. Mishipa ya shingo ikamtoka, mkanda wa sanduku ukalia, na hivyo ndivyo walivyoshuka, yeye mbele na sanduku lile tupu lililomshinda uzito, mkewe nyuma amebana pua, na katikati yao, ngazi kwa ngazi, ndala zisizo na miguu, chap, chap, zikisita kila kona kama mtu anayeangalia chumba asisahau kitu, mpaka wakapita kaunta, wakapita jiko, wakavuka ua wenye kamba za nguo, na kila nguo ya dobi iliyokuwa kwenye kamba ikatikisika ndala zilipoipita.

Getini mumewe alitua sanduku. Akafunga vifungo vya koti. Shangazi alikuwa amesimama mbali, anachungulia juu ya barakoa zake.

"Safari njema," alisema mpokea wageni.

Sanduku likaanguka ubavu, jepesi, limeachama. Ndala zilibaki ndani ya geti, zimepangwa sawasawa. Harufu ya kiberiti ikatoka taratibu barabarani, na dobi aliisikia ikifika upande wa pili, karibu kwisha. Shangazi akashusha pumzi. Dobi naye alikuwa ameanza kutabasamu.

Mumewe akainama kidogo, akasema kwa ile sauti yake ya asali:

"Karibu tena."

Upande wa pili wa barabara, harufu ilisimama.

"Umefanya nini wewe?" Shangazi alipiga kelele. "Umefanya nini?"

"Mdomo, shangazi! Mdomo umezoea! Miaka yote hii ndiyo kazi yangu, umeteleza tu!"

Alikuwa ameshika kichwa. Dobi alimtazama kwa muda, akaamua kumwamini. Mtu hawezi kuishi na mwenzake bila kuamua hivyo mara mojamoja. Walifunga geti, na harufu ile haikurudi siku hiyo wala siku zilizofuata.

Mipaka ilifunguliwa kweli. Watalii walikuja, kwanza wachachewachache na vyeti vyao vya vipimo, halafu kwa makundi. Tajiri alirudi, mnene kidogo. Mume wa dobi alipona akanenepa, akarudi kulala kijumba cha nyuma, na chumba cha pembeni kikapata wageni waliolala wakakoroma bila tatizo. Mashuka yalirudi kufuliwa yakinuka watu. Dobi alianza hata kuimba kwenye karai.

Asubuhi moja wazee wawili wa kigeni walikuwa wanaondoka. Mpokea wageni aliwabebea mizigo, akawafungulia geti, akasema, "Safari njema," akafunga mdomo. Wazee wakasubiri kidogo, wakaondoka. Tajiri alimwita kutoka kaunta.

"Wewe, mbona huwaambii karibu tena? Wageni wanarudi kwa neno hilo! Tangu nimekuja sijakusikia umemwambia hata mmoja."

Dobi alikuwa anaanika. Akaliacha shuka linaning'inia nusu kwenye kamba. Akawakumbuka wageni wote waliopita pale getini mbele ya macho yake, vijana, wazee, familia, na kila mmoja aliagwa kwa maneno yale mawili tu.

Alimfuata mumewe getini. Alikuwa bado amesimama pale, koti limefungwa vifungo vyote, anatazama upande wa pili wa barabara.

"Kwa nini huwaambii?" aliuliza polepole.

"Atasikia vibaya," alisema mumewe.

Dobi hakuuliza ni nani.