Mkuyu wa Mpakani

Kila asubuhi Elinaza alichemsha chai ya mtu mmoja, kisha akaenda shambani. Mume wake alikuwa amefariki. Mwanawe Hans alichimba madini Mererani. Binti yake Aika aliuza mitumba mjini Arusha tangu biashara hiyo iliporuhusiwa.

Zamani watoto ndio waliofukuza tumbili. Sasa Elinaza aligonga debe peke yake kutwa nzima. Akienda kupika, tumbili walishuka kutoka kwenye mkuyu wa mpakani mwa shamba lake na kuvunja mahindi. Mahindi hayo ndiyo yaliyokuwa chakula chake cha mwaka.

Akaazima shoka kwa jirani yake, Abdiel, ili aukate mkuyu huo.

“Ukate, shemeji,” Abdiel alisema. “Mimi wangu niliukata mwaka jana.”

“Tumbili wakaondoka?”

“Waondoke wapi! Sikuvuna hata gunzi. Sasa wanatoka kwenye mkuyu wako. Unadhani kwa nini nakuazima shoka?”

Walipofika kwenye mti, Ndeshi, ofisa misitu wa kata, alikuwa akipita.

“Shikamoo, mama. Mnakata?”

“Marahaba. Tumbili wananimaliza, mwanangu.”

Ndeshi akamgeukia Abdiel. “Kabla hujakata wako, walikula kiasi gani?”

“Mistari ya pembeni.”

“Na baadaye?”

Abdiel akakiri: “Shamba lote.”

Ndeshi akaokota kuyu, akalipasua. “Mkuyu huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, hata miti mingine ikiwa haina tunda. Tumbili, popo na ndege wengi huponea hapa. Popo na ndege hubeba mbegu, na miti mipya huota. Kiumbe kinachotegemewa hivi na wengine wengi huitwa spishi mhimili. Ukikiondoa, wenye njaa hutafuta chakula kilichobaki.”

“Mahindi yangu,” Elinaza alisema. “Lakini hata sasa wanayala!”

“Umepanda mpaka chini ya mti. Rudisha mahindi nyuma. Hapa panda pilipili, hawaipendi. Na mlinde kwa zamu.”

“Mimi nilinde shamba la mwenzangu?” Abdiel aliuliza.

“La kwako lina nini cha kulinda?” Ndeshi alimuuliza.

Elinaza akamrudishia Abdiel shoka lake.

Msimu uliofuata Elinaza na Abdiel walifanya hivyo, na tumbili walikula mistari michache tu. Mahindi mengine yalikomaa. Hans hakuja kuvuna. Aika alituma salamu.

Siku moja Abdiel alikuja kuomba tawi la mkuyu akapande kwake.

“Litazaa lini?” Elinaza aliuliza.

“Nikiwa mzee.”

“Basi ni kesho, shemeji.”

Abdiel alicheka, akaondoka na tawi lake. Elinaza akarudi kupukuchua mahindi, peke yake. Gunia la kwanza lilikuwa limejaa. Akafungua la pili.